Kuitambua Stempu kwa Alama ya Maji na Rangi



Katika mgao wa makala za mwaka huu wenzangu walikimbilia ngeli, methali na tamathali za usemi. Nilipofika mimi, meza ilikuwa tupu. Nikasema basi, nitaandika juu ya stempu. Mmoja akaangua kicheko: stempu na Kiswahili wapi na wapi? Isitoshe, siku hizi nani anaandika barua? Nilimwambia asubiri jarida litoke. Haya, limetoka.

Nitaanza na ubishi wa nyumbani kwetu, maana ndio ulionitia katika mambo haya. Babu yangu na ndugu yake wa baba mdogo hawajawahi kukubaliana ni nani mkubwa. Mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini kwetu Kisii jambo hili si la mzaha. Watu wa ukoo wakiketi, mkubwa ndiye hufungua mazungumzo. Mahari ikijadiliwa, yeye ndiye huulizwa kwanza. Sasa ndugu yake babu ana cheti cha ubatizo, na cheti kinasema alizaliwa Julai 1952. Babu hana cheti. Kitambulisho chake kimeandikwa 1951, lakini mwaka huo ulikisiwa tu, kama ilivyo kwa vitambulisho vingi vya wazee wetu. Ushahidi wake wote ni bahasha moja.

Bahasha hiyo hukaa ndani ya mkebe wa majani ya chai. Baba yake babu alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Wakati huo hapa Nyansiongo penyewe palikuwa mashamba ya walowezi, na jamaa zetu walihamia huku baadaye, mipango ya makazi ilipoanza katika miaka ya 1960. Mzee huyo aliposikia kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume, aliandikiwa barua na mtu aliyejua kuandika, akapeleka salamu na jina la mtoto. Mtoto huyo ndiye babu. Barua ingalipo, lakini panya walikula kona ya juu, pale pale tarehe huandikwa. Muhuri wa posta juu ya stempu unasomeka KERICHO. Mwaka umekuwa doa jeusi.

Babu hutoa hoja yake hivi: "Tazama stempu. Huyu ni Mfalme George. Mfalme George alikufa Februari 1952. Kwa hiyo barua iliandikwa kabla ya hapo, na huyo mwenzangu alikuwa bado hajazaliwa." Hoja imenyooka kama rula. Likizo ya Desemba aliniomba niipeleke bahasha shuleni tuithibitishe, kwa kuwa alisikia kwamba chama chetu kina albamu ya stempu. Nami nilikuwa nimeshaamini. Nilitazama katika katalogi kuukuu ya Stanley Gibbons tuliyo nayo, nikaona seti ya Mfalme George wa Sita ya Kenya, Uganda na Tanganyika inaanza mwaka 1938. Nikasimama mbele ya wenzangu siku ya mkutano na kutangaza kwamba babu ameshinda.

Mwalimu wetu hakupiga makofi. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Umeangalia alama ya maji?" La pili: "Rangi yake ni gani?"

Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo mawili. Tena, ukweli usemwe, hatukuwa hata na maneno ya kujibia. Ndipo Kiswahili kikaingia. Tulitumia karibu mkutano mzima kukubaliana majina ya vitu. Ile picha isiyo na wino iliyofichika ndani ya karatasi tuliiita alama ya maji, jina linalotumika kwa noti za benki. Vile vijitobo vya pembeni vinavyochanwa tuliviita meno. Kukolea na kufifia kwa rangi moja, kwa mfano nyekundu ya leo ikiwa nzito kuliko nyekundu ya mwaka jana, tuliuita mkolezo. Kuhusu rangi zenyewe tulishangaa jinsi tulivyo matajiri. Tulikuwa na waridi, damu ya mzee, hudhurungi, kahawia, zambarau, urujuani, nili, samawati, kijivu na chanikiwiti. Wanaodai Kiswahili kina rangi nne tu waje tuwaonyeshe.

Sasa tuingie somoni. Stempu mbili zinaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, kumbe zimetenganishwa na miaka kadhaa. Mashahidi wa kuwauliza ni hao wawili. Alama ya maji ni shahidi mgumu kuonekana, lakini hahongeki. Rangi inaonekana na kila mtu, lakini jua, maji na moshi vinaweza kuihonga.

Alama ya maji hutengenezwa wakati karatasi ingali rojorojo. Pipa jepesi lililofunikwa wavu, lenye vipande vya waya vilivyokunjwa kwa umbo fulani, hupita juu ya rojo hiyo. Pale waya unapobonyeza, karatasi huwa nyembamba kidogo. Ikikauka, umbo hubaki ndani yake na halifutiki mpaka karatasi yenyewe iharibike. Waitalia walikuwa wakitia alama za namna hiyo tangu karne ya 13, zamani sana kabla ya stempu. Stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja ya Uingereza ya mwaka 1840, ilikuwa na taji dogo ndani yake ili kuwazuia wenye kughushi.

Stempu za makoloni ya Waingereza ziliagizwa London kupitia ofisi ya Mawakala wa Taji, na karatasi yake ilibadilishwa mara chache tu. Hapo ndipo tunapopata kalenda. Tangu 1863 alama ilikuwa taji na herufi CC, yaani Makoloni ya Taji. Mwaka 1882 ikaja taji na CA, yaani Mawakala wa Taji. Katika hizo mbili, kila stempu ya kawaida hupata taji moja kubwa katikati na herufi zake chini. Mwaka 1904 wakabadilisha, taji na CA zikawa ndogo na kurudiwarudiwa karatasi nzima kama vitenge, hivi kwamba stempu moja hubeba vipande vya mataji kadhaa. Mwaka 1921 herufi CA zikaandikwa kwa mtindo wa mwandiko wa mkono, zimelala na kupinda. Mwaka 1957 zikarudi herufi za kusimama wima, na taji likawa la umbo jingine.

Mfano mzuri tulio nao katika albamu ni stempu mbili za anna moja za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, zenye kichwa cha Mfalme Edward wa Saba, rangi kijivu na nyekundu. Zamani hizo pesa zetu zilikuwa rupia na anna. Moja ilikuwa imepauka, nyingine imekolea. Mimi niliyekuwa mjuaji nilisema iliyopauka ndiyo ya zamani, maana imezeeka zaidi. Tulipozigeuza tukakuta kinyume chake. Ile iliyokolea ilikuwa na taji moja na CA, kwa hiyo ni ya toleo la 1903. Ile iliyopauka ilikuwa na mataji mengi madogo, kwa hiyo ni ya 1904 au baadaye. Ilikuwa imepigwa na jua tu. Ningeipanga albamu kwa mkolezo peke yake, ningeweka mdogo mbele ya mkubwa. (Nadhani msomaji anaona tunakoelekea.) Na ukikuta stempu ya rupia ya mwaka huo wa 1903, usishangae kuona CC badala ya CA, kwani za thamani kubwa zilichapishwa kwenye ile karatasi ya zamani.

Jinsi ya kuiona alama hiyo, basi. Njia rahisi ni kuilaza stempu kifudifudi juu ya kitu cheusi kinachong'aa. Sisi hutumia kigae cheusi tulichookota palipojengwa. Ukiinamisha kichwa na kuitazama kwa pembeni, mara nyingi taji hujitokeza. Ikikataa, iinue kuelekea dirishani na mwanga upite ndani yake. Kumbuka kwamba ukiitazama kwa nyuma herufi husomeka kinyume kama kwenye kioo, kwa hiyo usikimbilie kusema umepata kosa adimu la kiwandani. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili ametangaza makosa adimu matatu kwa njia hiyo. Iwapo karatasi iliingizwa mashinani juu chini, alama huonekana imepinduka, na hilo kweli wakusanyaji hulijali, lakini hakikisha kwanza.

Wakusanyaji wakubwa hutia tone la benzini mgongoni mwa stempu, nayo alama hutokea nyeusi kwa sekunde chache. Sisi hatufanyi hivyo. Benzini hushika moto upesi kuliko unavyoweza kukimbia, mvuke wake ni mbaya kwa mapafu, tena stempu nyingine wino wake huyeyuka ndani yake. Mtu asije akaonekana bwenini na chupa ya benzini akasema aliyasoma haya jaridani.

Majirani zetu nao wana mifano yao. Wajerumani walipotawala Tanganyika walitoa stempu zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari wao. Zile za heller zilitolewa kwanza kwenye karatasi isiyo na alama, halafu kwenye karatasi yenye alama za msambamba, picha ikiwa ile ile. Asiyegeuza stempu hatajua kamwe. Zanzibar ilikuwa na karatasi yenye waridi katika stempu za Sultani Hamed bin Thuwain za mwaka 1896. Na stempu za Kenya huru za mwaka 1963 hazina alama ya maji hata kidogo, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukiitafuta.

Hapo nikarudi kwenye bahasha ya babu kwa furaha, nikidhani sasa nina ufunguo. Kumbe ufunguo haukuingia. Kwanza, stempu ingali imebandikwa, na huwezi kuona alama ya maji kupitia karatasi mbili na gundi. Baadhi ya wenzangu walisema tuilowe maji ibanduke. Mwalimu alikataa katakata. Stempu ikiwa juu ya bahasha na muhuri wake ni ushahidi. Ukiibandua imekuwa karatasi ndogo tu yenye mlima. Pili, hata tungeibandua tusingepata kitu. Seti yote ya Mfalme George wa Sita, kuanzia 1938 hadi ilipoondolewa 1954, ilichapishwa kwenye karatasi yenye alama ile ile ya herufi za mwandiko. Shahidi asiyehongeka alikuwa hana la kusema. Ikabidi tumwite yule wa pili.

Rangi za stempu hazikuchaguliwa kwa urembo tu. Tangu mwisho wa karne ya 19 Umoja wa Posta Duniani ulikuwa na utaratibu kwamba stempu ya nakala zilizochapishwa iwe kijani, ya kadi iwe nyekundu na ya barua ya kwenda ng'ambo iwe buluu, ili karani wa nchi yoyote atambue kwa jicho moja kama malipo yametosha. Kwa hiyo gharama za posta zilipopanda, rangi nazo zilihama kutoka thamani moja hadi nyingine. Stempu za Kenya na Uganda zilizoanza 1922 zilikuwa na senti 5 ya urujuani na senti 10 ya kijani. Mwaka 1927 kijani kikaenda kwa senti 5, na senti 10 ikawa nyeusi. Mabadiliko ya namna hii ni makubwa na mtu hawezi kuyakosea. Huo si mkolezo. Ni rangi nyingine kabisa, na ina tarehe yake.

Mkolezo ndio mgumu. Wino ulichanganywa upya kila mara kiwanda kilipochapa, na mchanganyiko wa leo haukuwa sawasawa na wa mwaka jana. Senti 1 ya mwaka 1922 ipo ya kahawia hafifu, na ipo ya kahawia nzito iliyofuata 1923. Senti 1 ya Mfalme George wa Sita yenye picha ya korongo mwenye taji ilianza na kahawia yenye wekundu, halafu wakati wa vita ikawa rangi ya chokoleti. Vita hivyo vilivuruga kila kitu. Kiwanda cha De La Rue mjini London kilipigwa mabomu Desemba 1940, na wakusanyaji wa stempu za makoloni wanajua kwamba za miaka iliyofuata zinaweza kutofautiana kwa meno, karatasi na wino.

Sasa mtu atajuaje kwamba kahawia hii ina wekundu na ile haina? Aliyewahi kuingia kiwanda cha chai hapa Nyansiongo ameona majani yaliyosagwa yakigeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Anayesimamia hatua hiyo hakariri jina la rangi. Analo jicho lililoona shaba nyingi, naye hulinganisha. Nasi ndivyo tufanyavyo. Usiitazame stempu moja ukasema "hii ni chokoleti". Ziweke tano au sita pamoja, nayo tofauti itakurukia yenyewe. Vizuri zaidi, tafuta moja yenye muhuri unaosomeka mwaka, uifanye kipimo cha zote. Katika chama chetu tumetenga ukurasa mmoja wa albamu kwa stempu za namna hiyo tu, hata kama zimechanika. Stempu iliyochanika yenye tarehe safi hutusaidia kuliko nzima isiyosema kitu.

Wakati wa kutazama nao ni muhimu. Asubuhi ukungu ukiwa umetanda hapa kwetu, kila kitu kina kijivu. Usiku taa ya bweni hufanya nyeupe ionekane manjano. Sisi hutazama karibu na saa sita, kivulini, karibu na dirisha, na stempu zote zikiwa juu ya karatasi nyeupe moja.

Nilisema shahidi huyu huhongwa. Jua hufifisha nyekundu, kama ilivyotupata kwa Mfalme Edward. Moshi wa jikoni hutia ukahawia juu ya kila kitu. Rangi ya machungwa inaweza kugeuka kahawia au hata nyeusi kwa sababu ya hewa chafu, na wapo waliouziwa "rangi adimu" ya aina hiyo. Maji nayo ni hatari yake pekee. Watengenezaji walitumia kwa makusudi wino wa kijani na zambarau usiovumilia maji, na stempu nyingine zikachapwa kwenye karatasi iliyopakwa unga wa chaki, ili mtu akijaribu kuosha muhuri na kuitumia stempu mara ya pili, uso wote uharibike na aumbuke. Mtego huo uliwekewa mwizi, lakini hadi leo unamnasa mkusanyaji. Ukiiloweka stempu ya namna hiyo kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, itatoka na mkolezo ambao hakuna katalogi inayoujua. Wazee wa fani hii walikuwa wakipima karatasi ya chaki kwa kuigusa na kipande cha fedha, ikachorwa mstari mweusi kama wa penseli. Mtindo huo tumeupiga marufuku, kwa kuwa kila kipimo ni kovu.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wapenzi wa tahajia. Tofauti nyingine haihitaji rangi wala alama ya maji, inahitaji kusoma tu. Stempu za makombe ya baharini za Kenya za mwaka 1971 zina majina ya Kilatini. Senti 50 iliandikwa Janthina globosa, ikasahihishwa baadaye kuwa Janthina janthina. Senti 70 ilitoka Nautilus pompileus, ikasahihishwa kuwa Nautilus pompilius. Masahihisho yalitoka 1974. Kwa hiyo, mwalimu akikukata alama kwa herufi moja, jua kwamba hata posta ilikatwa.

Haya, turudi kwa babu. Stempu ya bahasha ni ya senti 15, ina picha ya Mlima Kilimanjaro na kichwa cha mfalme, na rangi zake ni nyeusi na kijani. Tulifungua katalogi tena, safari hii tukisoma mistari yote, si mwaka wa kwanza peke yake kama nilivyofanya mimi. Senti 15 ilitoka mwaka 1938 ikiwa nyeusi na nyekundu ya waridi, na ikaendelea hivyo miaka yote ya vita na baada yake. Nyeusi na kijani ilitolewa Novemba 1952.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Mfalme alikufa Februari 1952, na stempu yenye kichwa chake ikatolewa kwa rangi mpya miezi tisa baadaye! Mwalimu akasema hakuna ajabu. Seti nzima ya malkia mpya haiwezi kuchorwa na kuchongwa kwa siku moja. Ya kwetu ilitoka 1954. Hapo katikati posta iliendelea kumtumia marehemu. Kwa hiyo sura ya mfalme haikutuambia chochote juu ya Februari. Rangi ndiyo iliyotuambia.

Tulijaribu kumtetea babu. Je, kijani hicho si moshi? Barua ilikaa miaka mingi juu ya moto kabla ya kuingia mkebeni. Lakini moshi huongeza ukahawia, hauwezi kugeuza nyekundu kuwa kijani. Mwenzetu mmoja mwerevu akasema buluu ikiingiwa na umanjano hufanana na kijani, na huo ni ukweli, tumeuona kwingine. Lakini senti 15 ya mfalme huyu haikuwahi kuwa buluu. Halafu tukakumbuka ushahidi mwingine uliokuwa katika albamu yetu wenyewe. Mwanzoni mwa Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alipozuru Kenya, ilitolewa stempu ya senti 10 ya simba yenye maneno ya Kiingereza ya ziara ya kifalme na mwaka 1952. Hiyo ni nyeusi na kijani. Maana yake, siku mfalme anakufa kijani kilikuwa bado ni cha senti 10, kama kilivyokuwa tangu 1942. Kabla ya hapo kilikuwa cha senti 5 yenye jahazi. Kijani hicho kilipanda cheo kutoka 5 hadi 10 hadi 15 kadiri maisha yalivyopanda. Tuliiweka senti 10 kando ya bahasha, kivulini, saa sita. Zilifanana vya kutosha kukata tamaa.

Ieleweke tulichothibitisha na tusichothibitisha. Stempu haisemi barua ilitumwa lini hasa. Mtu anaweza kununua stempu leo na kuitumia baada ya miaka miwili. Inasema tu kwamba haikuwezekana kabla ya Novemba 1952. Na kwa kuwa barua inamzungumzia mtoto "aliyezaliwa juzi", babu hawezi kuwa amezaliwa Julai ya mwaka huo au kabla yake. Ndugu yake ni mkubwa kwake kwa miezi isiyopungua mitatu.

Niliogopa kumwambia. Nilikaa na bahasha wiki mbili zaidi ya ilivyohitajika, nikisingizia mitihani. Hatimaye siku ya mapumziko ya katikati ya muhula nilikwenda nayo pamoja na lenzi ya chama na ile senti 10 ndani ya bahasha safi. Nilimweleza yote polepole, kama nilivyowaeleza ninyi. Babu hakukasirika. Aliomba lenzi, akatoka nje penye mwanga, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, miaka yote hii nilikuwa nikimtazama mfalme. Sikuwahi kutazama rangi." Akanyamaza tena. Halafu: "Haya. Kikao kijacho mwambieni afungue mazungumzo yeye. Tuone kama ataweza."

Bahasha imerudi ndani ya mkebe, na stempu ingali juu yake. Ndugu yake babu naye, aliposikia habari hizi, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini jioni hiyo alinivuta kando akaniuliza kama chama chetu kinaweza kuuchunguza mkebe wake pia, kwa kuwa kuna mwingine wa nyumba ya tatu anayedai kuwazidi wote wawili. Tutaufungua muhula ujao, siku ya mkutano wa kwanza, karibu na dirisha.